Modemu ikijibu OK, imesema nini hasa?

Ukitaja modemu siku hizi, wengi hukumbuka kile kijiti cha USB cha kutia laini. Hapa nazungumzia babu yake: lile boksi la kuchomeka kwenye simu ya mezani, lenye safu ya taa nyekundu usoni na mlio wa kukera masikio. Bado yapo, yamejificha kwenye makabati ya ofisi na mashelfu ya mafundi, na wapo wanaoyafufua. Mmoja ana mashine ya zamani isiyojua njia nyingine ya kutuma data, mwingine ni utundu tu. Unafungua programu ya terminali, minicom kwa wa Linux au PuTTY kwa wa Windows, unaandika amri fupi inayoanza na AT, nayo inakujibu.

Amri hizi asili yake ni kampuni ya Hayes ya jimbo la Georgia, Marekani, iliyotoa Smartmodem mwaka 1981. Dennis Hayes na Dale Heatherington walikuwa na kitendawili cha kutegua: waya kutoka kwenye kompyuta ni mmoja, na humo humo zipite data na maagizo. Modemu itajuaje kipi inaambiwa yenyewe na kipi ni cha kumpelekea mwenzake wa upande wa pili? Wakaipa hali mbili, ya amri na ya data. Kwa hiyo daima kuna mazungumzo mawili: kompyuta na modemu pale mezani, kisha modemu na modemu kupitia laini ya simu. Dhana potofu nyingi ninazokutana nazo zinazaliwa pale mtu anapoyachanganya.

"Imejibu OK, basi laini ni nzima"

OK ni ya mazungumzo ya kwanza peke yake. Chomoa waya wa simu ukutani, andika AT, utajibiwa OK ile ile. Haijagusa laini hata kidogo.

Ukitaka kuipima laini, iambie inyanyue simu na isikilize:

AT&F
OK
ATX4DT;
NO DIALTONE

X4 inaiamuru isubiri mlio wa laini kabla ya kupiga. DT ni kupiga kwa toni, na hapa sikuweka namba. Ile nukta mkato ya mwisho inairudisha kwenye hali ya amri badala ya kuanza kutafuta modemu mwenzake. Laini ikiwa hai utapata OK, kisha unakata kwa ATH.

Lakini hata NO DIALTONE usiichukue kama cheti cha kifo. Modemu haina sikio la binadamu, inatambua masafa iliyofundishwa. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inategemea milio miwili ya pamoja, Hz 350 na Hz 440, wakati nchi nyingi za Ulaya bara hutumia mlio mmoja wa Hz 425. Swichibodi za ofisini nazo zina milio yao. Wewe unasikia mlio safi, modemu inasikia kitu isichokijua. Dawa ni X3: ipige bila kusubiri mlio, ila itambue simu yenye shughuli. Ofisini unapotakiwa kubonyeza 9 kwanza upate laini ya nje, weka mkato baada ya 9, kwa mfano ATX3DT9, halafu namba. Mkato mmoja ni kusubiri sekunde 2, na muda huo unaubadili kwenye rejista S8, mojawapo ya visanduku ambamo modemu huhifadhi mipangilio yake.

Na ukishuku modemu yenyewe, modemu nyingi zina AT&T1. Hiyo inaifunga izungumze na nafsi yake bila laini: unachoandika kinapita kwenye sakiti zake na kurudi kwenye skrini. Kikirudi salama, tatizo liko nje ya boksi. Unatoka kwa +++ kisha AT&T0.

"Haijibu hata AT, hii imekufa"

Nimeshaona modemu nzima ikitupwa kwa hukumu hii. Anza na waya. Modemu na kompyuta huunganishwa kwa waya ulionyooka, pini kwa pini. Waya wa kuvuka, ule wa kuunganisha kompyuta mbili, una umbo lile lile na vichwa vile vile, ila hapa haufai kitu.

Pili, angalia ulivyoandika. AT inakubalika, at inakubalika. At, yaani kubwa na ndogo, kwenye modemu nyingi haipati jibu, na sababu yake inapendeza. Modemu haijui kompyuta inazungumza kwa kasi gani, hivyo inapima herufi ya kwanza. A, kubwa au ndogo, biti yake ya kwanza kutoka ni 1, na kabla yake inatangulia biti ya kuanzia ambayo ni 0. Upana wa hiyo 0 peke yake ndio kasi. Kisha inatazama biti ya ukaguzi, ile inayoongezwa ili idadi ya biti za 1 iwe shufwa au witiri. A kubwa ina biti za 1 mbili, T kubwa ina tatu: moja shufwa, nyingine witiri. Herufi ndogo nazo hivyo hivyo kwa kinyume, a ina tatu na t ina nne. Ukichanganya A na t zote zinakuwa shufwa, na modemu haina tena cha kulinganisha.

Tatu, inawezekana inatii kimya kimya. Aliyeitumia kabla yako huenda aliacha Q1, inayozima majibu, na E0, inayozima herufi zisionekane unapoandika. Andika bila kuona, ATE1Q0V1, bonyeza Enter. Mara nyingi "maiti" huinuka hapo.

"ATZ inarudisha mipangilio ya kiwandani"

Hapana. ATZ inarudisha mipangilio iliyohifadhiwa kwa &W, na aliyeihifadhi anaweza kuwa mtu wa miaka ishirini iliyopita mwenye akili zake. Ya kiwandani ni AT&F. Tena usibandike amri nyingine baada ya Z kwenye mstari mmoja, maana zinazoifuata hupuuzwa.

Hata &F si moja kwa wote. Kwenye modemu za USRobotics, &F tupu inakuacha bila udhibiti wa mtiririko wa data, &F1 ndiyo inayowasha ule wa nyaya za RTS na CTS. Wenye chipu za Rockwell hutumia &K3 kwa kazi hiyo. Ndiyo maana kamba ya amri uliyoinakili kutoka kwa rafiki mwenye modemu nyingine ni ya kuitilia shaka. Andika AT&V usome kilichomo ndani ya yako, kama inaijua amri hiyo.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua moja iliyotumika, nikaichomeka kwenye laini ya nyumbani nikaenda zangu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameacha S0=1, yaani pokea simu ikiita mara moja. Shangazi alipiga mara tatu siku hiyo, na mara tatu alipokelewa na filimbi. Taa ya AA, ya kupokea simu yenyewe, ilikuwa inawaka muda wote, nami sikuiuliza maana yake. Siku hizi S0=0 ni amri yangu ya kwanza baada ya &F.

"+++ ni amri ya kukata simu"

Hii inatoa tu kutoka hali ya data kwenda hali ya amri. Simu inabaki imeunganishwa, na ATO inakurudisha ulikokuwa. Ya kukata ni ATH.

Wengi pia huandika +++ na kubonyeza Enter, halafu wanalalamika haifanyi kazi. Kilicho muhimu ni ukimya: usiguse kitu sekunde nzima, bonyeza alama tatu, kisha sekunde nyingine ya kimya, bila Enter. Muda huo uko kwenye S12, inayohesabu vipande vya 1/50 ya sekunde, na kawaida huwa 50. Ukimya ndio unaotofautisha agizo na alama tatu za kujumlisha zilizojitokeza tu katikati ya faili.

Wazo hilo la ukimya Heatherington alilipatia hataza mwaka 1985, na Hayes wakadai malipo kwa kila atakayelitumia. Baadhi ya watengenezaji wakakwepa: modemu zao zikakubali +++ ikifuatwa moja kwa moja na amri, ukimya usiwepo. Uchoyo na ubahili vilipokutana, aliyeumia ni mtumiaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watundu walikuwa wakikutumia pakiti ya ping, ujumbe mfupi wa kuuliza kama kompyuta ipo, yenye maandishi +++ATH0 ndani yake. Kompyuta yako, kwa adabu ya ping, inarudisha maandishi yale yale. Yanapopita kwenye modemu yako kwenda nje, modemu inadhani wewe ndiye uliyeagiza, inakata simu. Kinga ilikuwa kuandika ATS2=255, inayoizima kabisa ile njia ya kutoka.

"CONNECT 115200, basi intaneti inakimbia kwa 115200"

Mazungumzo mawili tena. Modemu nyingi huripoti hapo kasi ya waya kati yake na kompyuta. Laini inaweza kuwa 26400 na skrini ikaandika 115200 bila haya. Kwenye chipu za Rockwell weka W2 kabla ya kupiga, upewe kasi ya laini. USRobotics ukishamaliza simu iulize ATI6, itakupa taarifa ya simu iliyopita.

Baudi na biti kwa sekunde navyo si kitu kimoja, ingawa kwenye modemu za 300 vililingana. Baudi ni idadi ya mabadiliko ya mawimbi kwa sekunde. Modemu ya 2400 ya kiwango cha V.22bis ni ya baudi 600 tu, kila badiliko likibeba biti 4. Hata V.34 haikuvuka baudi 3429.

Na ile 56K ya mwaka 1998, ya kiwango cha V.90? Inawezekana tu pale upande wa mtoa huduma umeunganishwa kidijitali moja kwa moja na mtambo wa simu. Chukua modemu mbili za 56K, zipigiane nyumba kwa nyumba: hazitazidi 33600.

"Bila ile kelele haiunganishi"

Spika inakusikilizisha kilichomo kwenye laini, basi. ATM0 inaizima na muunganisho haudhuriki. Ila wakati wa kupima nakushauri uiache: ukisikia sauti ya binadamu ikisema "haloo, haloo", umekosea namba.

"Laini yoyote yenye mlio itafaa"

Simu za mezani zinazopita kwenye intaneti huibana sauti. Kodeki (kanuni ya kubadili sauti kuwa data) ya G.729 imetengenezwa kwa ajili ya koo la mtu, mawimbi ya modemu inayasagasaga. G.711 ndiyo ya kujaribu, na bado usitegemee kasi kubwa.

Kama huna laini kabisa, unganisha modemu mbili kwa waya wa simu. Moja iandikie ATX3D, nyingine ATA. Nyingi hukubali, nyingine hugoma mpaka zionje umeme wa laini, na hizo mafundi huzitilia betri ya volti 9 na rezista kwenye waya mmoja.

"Amri hizi ni za makumbusho"

Kile kijiti cha USB nilichoanza nacho kinazungumza AT. Kinapounganisha intaneti kinapiga ATD*99#, ingawa hakuna mtu wa kupokea. Moduli ndogo za simu kama SIM800, ambazo watundu wa elektroniki huzitia kwenye vifaa vya kufuatilia magari, huamriwa hivyo hivyo.

Huko nako dhana zimeshaota. Uliza AT+CSQ upate +CSQ: 17,99, na kuna atakayekuambia mtandao uko asilimia 99. Nguvu ya mawimbi ni ile 17, kwenye kipimo cha 0 hadi 31. Zidisha kwa 2, toa 113, unapata dBm -79, ambayo si mbaya. Ile 99 ni kiwango cha makosa, na kwa lugha ya modemu 99 ni "sijui".