Makapi ya nyanya si mashudu, jamani

Wiki hii huyu ni mfugaji wa tatu. "Daktari, kiwandani wananipa makapi ya nyanya bure, yana protini asilimia 20, kwa hiyo mashudu naachana nayo." Kwanza mimi si daktari, napanga chakula cha mifugo tu. Pili, hiyo 20 imenichosha.

Si uongo, ila ni asilimia ya ukavu, yaani ya kile kinachobaki maji yakitolewa. Maganda na mbegu zikitoka kwenye mashine bado zinachuruzika. Katika kilo 100, maji ni kama kilo 75. Zimebaki 25. Asilimia 20 ya 25 ni kilo 5. Mashudu ya alizeti, kilo 100, hata yale yenye maganda mengi, hayakosi kilo 20 za protini. Yaani gunia moja la mashudu ni sawa na manne ya makapi, na Fuso kutoka Iringa mjini hadi bandani kwako umeikodi ibebe maji. Bure gani hiyo?

Na hata hizo 5 ng'ombe hazipati zote. Nyingi zimo ndani ya mbegu, na mbegu isiyosagwa inaweza kupita ilivyo. Niliwahi kuosha kinyesi kwenye chujio la chai (mke wangu hajanisamehe) nikakuta mbegu nzima nzima. Protini nyingine imeng'ang'ania nyuzinyuzi, hasa makapi yakikaushwa kwa moto mkali. Jedwali la virutubisho vya malisho litakupa namba moja safi. Mimi napunguza kwa kukisia, na kuna siku ng'ombe ananiumbua kwenye ndoo ya maziwa.

Sumu? Ya kuogopa iko kwenye majani, mabua na nyanya ambazo hazijaiva. Makapi ya nyanya mbivu adui yake ni muda: hayachukui siku nyingi kuchacha na kuota ukungu, na ukungu wenye sumukuvu unakufuata hadi kwenye maziwa. Changanya siku hiyohiyo na mabua makavu ya mahindi yaliyokatwakatwa, yanyonye maji, shindilia shimoni, funika hewa isiingie.

Kuku wa mayai wapewe makavu, yaliyosagwa, asilimia 5 hadi 10 ya chakula. Kiini kitaelekea wekundu kwa sababu ya likopini, ile rangi nyekundu ya nyanya. Waambie wateja mapema.

Yule wa tatu nilimuuliza kama ana turubai. Analo, akasema, ila limefunika mashudu.