Kabla ya Kuja Kupanda Mikoko

Mvua za vuli zikianza tu, simu za ofisi yetu ya misitu hapa Pwani hazinyamazi. Benki, shule, makanisa, vyama vya akiba, kila mtu anataka kuja kupanda mikoko. Tangu Serikali ya Kenya itangaze lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na ile sikukuu ya kupanda miti ya tarehe 13 Novemba 2023, hamu imezidi. Tunashukuru kwa dhati. Ila malalamiko ya wavuvi na ya akina mama wanaookota chaza nayo yamezidi, na mengi yanawahusu wageni hawa hawa wenye nia njema.

Niseme la kundi moja. Walifika saa nne asubuhi na lori la miche, siku ya maji mafu, ambapo bahari haitoki mbali, wakakuta bahari imejaa. Wakakaa chini ya mwembe hadi alasiri, kisha wakapanda mbio mbio kwenye uwanda wa tope ulioko mbele ya mililana, miti ya mikoko iliyo karibu zaidi na bahari, wakidhani mahali patupu ni mahali palipokatwa miti. Pale hapajapata kuwa na mti. Ni malisho ya kaa na ndege. Miezi sita baadaye nilipiga magoti pale pale. Mche wa kwanza ulikuwa umelala, shina limebandikwa vijidudu vyenye magamba makali mpaka ukalemewa. Wa pili ulikuwa bado umo ndani ya mfuko wake wa nailoni. Wa tatu sikuuona. Picha za siku ile, lakini, zilipendeza sana.

Kenya tuna aina 9 za miti hii, na mkoko wenyewe ni mmoja tu kati yake. Mlilana husimama mbele kabisa, kwenye mawimbi. Mkoko hufuata, na mkandaa nyuma yake. Mchu utaukuta mbele na utaukuta tena nyuma kabisa kwenye chumvi kali. Basi mtu anaponiuliza, “Mna miche mingapi?” mimi humuuliza anataka kupanda wapi, na maji hufika hapo mara ngapi kwa mwezi. Mara nyingi simu huishia hapo.

Swali linalotangulia yote ni kwa nini msitu ulikufa. Kule Mwache, mto unapoingia kwenye hori upande wa bara wa Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashambani. Vile vidole vya mchu vinavyochomoza kwenye tope ndiyo pua zake. Udongo ulipovifunika, miti ilikufa wima. Hapo huwezi kuchomeka mche na kwenda zako. Kwanza upimwe mwinuko wa ardhi ukilinganishwa na maji ya bamvua, yale yanayojaa na kutoka sana, ipimwe chumvi, itazamwe mikondo iliyoziba na mashamba ya juu yanayomwaga udongo. Mara nyingi mkondo ukizibuliwa, mbegu huletwa na maji yenyewe, bure, na huota mahali panapozifaa. Kazi ya watu wa kujitolea tunayoihitaji sana ni hiyo: majembe ya kuzibua mikondo, na macho ya kuhesabu miche iliyoota yenyewe. Hiyo ya kuhesabu, hakuna anayeipigia simu.

Sasa utaratibu. Kikundi kiandike barua kwa kituo cha Huduma ya Misitu (KFS) cha eneo husika angalau wiki tatu kabla. Barua itaje mahali, tarehe, idadi ya watu, aina ya miche, kitalu ilikotoka, na nani ataitunza. Nakala iende kwa chama cha jamii cha misitu (CFA) na kwa kamati ya ufuo (BMU), maana wao ndio watakaobaki na miche hiyo ninyi mkisharudi Nairobi. Barua isiyotaja mtunzaji tunairudisha. Ikiletwa tena bila mtunzaji, tunairudisha tena.

“Bahari ni ya Mungu, haina mwenyewe.” Nimechoka kulisikia. Misitu ya mikoko ilitangazwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kuchukua mazao ya msitu bila kibali ni kosa, yawe fito, pau, mazio au boriti. Kuni kavu pia ni mazao ya msitu. Kifungu cha 64 kinataja faini isiyopungua shilingi 100,000 au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili, na mahakama inaweza kutaifisha chombo na vifaa vilivyotumika. Anayesema “nimekata tawi moja tu, litachipua” ajue kwamba mchu huchipua ukikatwa, lakini shina kuu la mkoko likikatwa huwa limekwisha.

Wanaotaka kuona kazi ikifanyika sawasawa wafike Gazi, Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa (yaani hati za hewa inayofyonzwa na mikoko) tangu miaka ya 2010 na fedha kwenda kwenye maji na shule za kijiji. Majaribio ya kupanda yalianza pale miaka ya tisini mwanzoni. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Mkija kwetu, njooni siku ya bamvua, muwe ufukweni saa mbili na nusu asubuhi maji yakitoka. Vaeni viatu vya kamba, ndala humezwa na tope. Na katika barua hiyo hiyo andikeni tarehe mtakayorudi kuhesabu.