Kilimo cha usahihi kwenye mikorosho: yanayosemwa na yalivyo

Ukitaja kilimo cha usahihi, yaani kuhudumia kila sehemu ya shamba kulingana na hali yake, huku Newala au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, wengi hutazama juu wakitafuta droni. Droni zipo, na urushaji wake unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ila si hapo kilimo hiki kinapoanzia.

Dhana: Kililetwa na setilaiti

Setilaiti zilikikuta kipo. Mwaka 1929, Linsley na Bauer wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Illinois, Marekani, walitoa waraka wa kumwelekeza mkulima agawe shamba lake kwa miraba, apime tindikali ya udongo hatua kwa hatua, achore ramani, kisha apeleke chokaa kule tu inakohitajika. Kompyuta hazikuwapo. Miaka ya 1980 zikaja Minnesota mashine za kumwaga mbolea kwa viwango tofauti ndani ya shamba moja, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaja vipima mavuno vinavyofungwa kwenye mashine za kuvunia nafaka.

GPS, mfumo wa setilaiti wa kutambua mahali ulipo, ilikamilika mwaka 1995, lakini raia walipewa mawimbi yaliyovurugwa kwa makusudi, kosa likifika meta 100. Marekani iliondoa uvurugaji huo Mei 2000. Ekari moja ya mraba ina upande wa meta 64 hivi, kwa hiyo kabla ya hapo kifaa chako kingeweza kukuweka kwa jirani.

Fasili ya jumuiya ya kimataifa ya kilimo cha usahihi ya mwaka 2019 haitaji trekta wala droni. Inazungumzia mkakati wa usimamizi: kukusanya na kuchambua taarifa za mahali na za wakati, kisha kuamua kwa kufuata tofauti zilizopo.

Dhana: Ni cha wenye mashine na mashamba makubwa

Nachingwea inatosha kujibu. Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza ulianza 1947 ukiwa na matrekta tele, ukaenda Kongwa, Urambo na Nachingwea, na ukavunjwa 1951. Injini hazikuwa haba. Udongo na mvua ndivyo havikupimwa vya kutosha kabla ya kufyeka pori. Kwa upande mwingine, wakulima wa Niger waliokuwa na jembe tu walifundishwa kuweka gramu 6 za mbolea ya NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwenye kila shimo la uwele, kipimo kikiwa kifuniko cha chupa ya soda. Hao wa pili ndio walio karibu zaidi na kilimo cha usahihi.

Dhana: Lengo ni kupunguza dawa na mbolea

Lengo ni kuweka panapostahili. Pengine utapunguza, pengine utaongeza. Chukua salfa inayopulizwa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani machanga na maua ya mkorosho. Mikorosho iliyopandwa meta 12 kwa 12 ni kama miti 28 kwa ekari. Kwa gramu 250 kila mti, mzunguko mmoja unakula kilo 7. Mkulima anayepuliza kwa kufuata kalenda huupa mti mchanga na mti mkubwa kiasi kilekile, na huanza siku ileile shamba zima, hata kama upande mmoja haujachipua.

Njia ya usahihi ni kukagua. Ipe miti namba kwa rangi kwenye shina. Kuanzia machipukizi mapya yanapotoka, pita kila wiki kwenye miti kama kumi iliyotawanyika, utazame majani machanga na vikonyo vya maua pande zote nne, na usisahau maotea ya ndani ya mti. Kivulini humo ndimo ugonjwa hujificha, na kuyakata kabla ya msimu kunapunguza mbegu ya ugonjwa. Puliza alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia. Jua likipanda na upepo ukaamka, unga hausimami kwenye jani. Unalipia salfa inayokwenda kwa jirani.

Mavuno nayo yapimwe mti kwa mti, angalau kwenye miti hiyo ya ukaguzi. Ukikusanya korosho zote kwenye gunia moja, mti unaozaa kilo mbili hujificha nyuma ya mti unaozaa kumi na tano, hasa kwenye mikorosho ya zamani ya mbegu. Mti hafifu misimu mitatu mfululizo ni wa kukatwa na kubebeshwa aina bora, si wa kuongezewa salfa.

Dhana: Sampuli moja ya udongo inatosha shamba zima

Hapa kusini hiyo ni hatari kuliko kwingi. Salfa inayoanguka chini huliwa na bakteria wa udongo, ikageuka tindikali. Utafiti uliofanywa kwenye uwanda wa Makonde ulionyesha kwamba upulizaji huo unaongeza uchachu wa udongo, na kichanga chetu hakina nguvu ya kuuzuia. Hesabu yake haina ugumu: kilo 1 ya salfa ikigeuka yote huhitaji kama kilo 3.1 za chokaa safi kuituliza. Mizunguko mitano ya gramu 250 ni kilo 1.25 kwa mti, yaani chokaa isiyozidi kilo 4, kwani sehemu ya unga hupeperuka.

Mkorosho wenyewe huvumilia uchachu. Karanga zinazopandwa katikati ndizo zinazolia: kalsiamu ikipungua kwenye udongo wa juu, maganda hutoka matupu, na mkulima hulaumu mbegu.

Kwa hiyo chukua sampuli mbili: moja chini ya matawi, nyingine katikati ya mistari. Kwa kila moja, chimba sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimeta 20, ukiepuka vichuguu na mahali palipochomwa takataka. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki (ya bati lenye kutu huharibu vipimo vya zinki na chuma), anika kivulini, toa nusu kilo, andika namba. Majibu yatakuja kwa pH, kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu hupanda: pH 5 ina uchachu mara kumi ya 6, si zaidi kidogo. Chokaa iwe ya kilimo, iliyosagwa laini. Ile ya moto ya kupakia kuta huunguza mizizi na mikono.

Dhana: Setilaiti itanionyesha mkorosho unaoumwa

Itakuonyesha mahali pa kwenda kutazama. Picha za bure za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zina kipande cha meta 10 kwa 10, karibu sawa na nafasi ya mti mmoja, lakini kipande hakiheshimu shina: nusu ya mti huu huchanganyika na nusu ya ule. Kati ya Desemba na Aprili mawingu huziba, na nyasi mbichi chini ya miti hufanya shamba lililochoka lionekane zuri. Tumia picha za Julai hadi Septemba, nyasi zikiwa zimekauka. Simu nayo hukosea meta 5 hivi mahali pa wazi, na zaidi chini ya matawi, ndiyo maana namba ya rangi kwenye shina bado ina kazi.