Kura za Mheshimiwa Hazihami Hivyo

Juma lililopita, baada ya Isha, kijana mmoja alinikuta barazani Langoni, hapa Lamu, karatasi mkononi. Anataka kiti cha MCA, yaani mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti, mwaka 2027, kile alichokalia mheshimiwa wa sasa. "Ami," akasema, "mheshimiwa ana kura 1,600. Nikimnyang'anya 900 akabaki na 700, nimemaliza." Huyu ni wa nne kuniletea hesabu hiyo, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Nafunza mawakala wa wagombea tangu uchaguzi wa 2013, na kila uchaguzi ukiisha hukaa na fomu za vituo mpaka macho yaume. Huko kunyang'anyana kura, kwa namna vijana wanavyokuwaza, nimekuona mara chache sana.

Neno lenyewe linaleta fujo. Kwa lugha ya tume ya uchaguzi, kuhamisha kura ni mtu kubadilisha kituo chake cha kupigia: alijiandikisha Witu, sasa atapigia Mkomani. Halafu kuna kuhama kwa moyo, yaani aliyempa mheshimiwa mara iliyopita safari hii ampe mpinzani wake. Mgombea akiambiwa "wadi imehama" hajui akaangalie daftari la wapiga kura au akaulize watu.

Tuchukue wadi ya mfano, nambari nazitunga mimi. Waliojiandikisha ni 5,000. Mheshimiwa alipata 1,600, wapinzani wake watatu wakagawana 1,400, na watu 2,000 hawakufika. Uchaguzi unaofuata mheshimiwa anapata 1,100, na mgombea mpya, peke yake dhidi yake, anapata 1,300. Siku ya pili utasikia kila baraza: "Kamvua kura 500!" Nani kasema? Huenda hao 500 walikaa nyumbani kwa hasira, na yule mpya akachukua karibu zote za wale watatu ambao safari hii hawakusimama. Fomu 36A, ile ya matokeo ya wadi kituoni, itasoma vilevile kwa hadithi zote mbili. Inakwambia kura ngapi, haikwambii za nani.

Tofauti hii ina uzito, na hapa ndipo nisipowavumilia wanaosema "ni mamoja tu". Anayehama huhesabika mara mbili: kwako moja imepungua, kwa mwenzako moja imeongezeka. Anayekaa nyumbani huhesabika mara moja. Mwaka 2017 Fahim Twaha alimshinda gavana wa Lamu, Issa Timamy, kwa 22,969 dhidi ya 22,848. Tofauti ni 121. Watu 61 wa Twaha wangempa Timamy, matokeo yangepinduka. Kama ni kubaki nyumbani, wangehitajika 122. Huko Magarini, jirani ya Malindi, ubunge wa 2022 ulitangazwa kwa tofauti ya kura 21, mpaka Mahakama ya Juu ikaubatilisha mwaka 2025. Pale watu 11 tu wenye kubadili nia wangetosha.

Kijana atasema: basi si bora nitafute wa kuhama, maana ana thamani maradufu? Thamani anayo, lakini mtazame ni nani. Hapa kwetu mtu hapigi kura akiwa peke yake. Amekwisha kusema barazani, mbele ya wazee na wakwe zake, kwamba nyumba yao iko na mheshimiwa. Ada ya mwanawe ilitoka kwenye basari ya wadi, na barua aliipeleka yeye mwenyewe kwa mkono. Mheshimiwa akimsahau miaka mitano anaudhika kweli, lakini kumpa mpinzani ni kukiri mbele ya mtaa mzima kwamba alikosea. Kwake ni aibu. Kwa hiyo siku ya kura ana shughuli, kichwa kinamuuma, mashua imeondoka. Hiyo ndiyo kura mheshimiwa anayoipoteza, na mara nyingi hakuna anayeipata.

Na mashua kwetu si kisingizio kila mara. Agosti pepo za kusi bado zinavuma. Mtu aliyejiandikisha Kiunga au Faza na riziki yake iko Amu, mji wa Lamu, analipa nauli, anangoja maji yajae ndipo chombo kipite mlango mwembamba wa Mkanda, anapoteza siku mbili. Wenye mafuta ya mashua hufikisha watu wao. Mgombea mpya aliyemaliza fedha zake kwenye fulana na vipaza sauti anabaki gatini akihesabu waliomshangilia.

Sasa hili la "mgeni". Nikisema mgeni wa siasa simaanishi mtu aliyetoka bara. Lamu neno hilo limeshaumiza watu wa kutosha, na Mpeketoni, walikohamia watu wa bara, wamezaliwa watu ambao hawana kwao kwingine. Namaanisha mtu asiye na kiti wala chama cha kumbeba. Hao ni wachache kuliko mnavyodhani. Andrew Mwadime aliuchukua ugavana wa Taita Taveta mwaka 2022 akiwa mgombea huru, na vijana wote wananitajia yeye. Lakini alikuwa mbunge wa Mwatate tangu 2013! Twaha naye, kabla ya kumtoa gavana, alikuwa ameshakuwa mbunge wa Lamu Magharibi. Kukosa tiketi hakumfanyi mtu kuwa mgeni.

Masharti ya mgombea huru nayapitia haraka kwa sababu yameandikwa: usiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, na kwa wadi ulete wapiga kura 500 wa kukuunga mkono. Wala huhitaji nusu ya kura, hiyo ni ya rais. Wadi huchukuliwa na anayeongoza tu, hata wakiwa kumi.

Na msiniambie kwamba mwenye kiti hatoki. Gavana wa Lamu hajawahi kutetea kiti akakihifadhi. Timamy alitolewa 2017, Twaha akatolewa 2022 na Timamy huyohuyo.

Njia yangu ya kupima ni hii. Kituo kwa kituo, kwa kuwa kisheria hakizidi wapiga kura 700. Kura za mheshimiwa zikipungua na waliofika wakapungua kwa kiasi kilekile, nasema walikaa nyumbani. Idadi ya waliofika ikiwa ileile na mpinzani akapanda, nasema walihama. Ila daftari likikua vituo hugawanywa upya, mkondo wa pili wa leo, yaani chumba cha pili cha kupigia, si ule wa jana. Tena wengine wamefariki, wengine wamehamia Mombasa, na vijana wenye vitambulisho vipya wamejaza nafasi zao. Jumla inaweza kulingana na kumbe watu si wale.

Kuna shaka nyingine inayoninyima usingizi zaidi. Nikiuliza watu, baada ya uchaguzi wote walimpigia aliyeshinda. Na ile aibu ninayosema inawaweka watu nyumbani, ndiyo hiyohiyo inayoweza kumfanya aliyehama aniambie, "Mimi sikupiga kura." Mwaka 2017 bibi mmoja aliniapia hakutoka, na kidole chake kilikuwa na wino. Sijui ni wangapi wa namna yake niliowaandika kwenye safu isiyo yao.

Kijana nilimwambia aende akalete fomu za vituo vyake vyote vya 2022, aongeze safu moja: waliojiandikisha wasiofika. Jana usiku amerudi. Safu ile ina watu wengi kuliko kura za mheshimiwa. Ameiangalia kimya kitambo, kisha akauliza, "Ami, hawa wanakaa wapi?" Tumeandika majina ya mitaa mpaka saa sita.