Eti mjamzito asichomwe chanjo ya flu? Nani kasema

Kuna hii kauli inazunguka sana, eti mwenye mimba asiguse chanjo ya flu mpaka ajifungue, itamdhuru mtoto. Ni kinyume kabisa. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linawataka wajawazito wapewe kipaumbele, na wanaweza kuchomwa mimba ikiwa ya mwezi wowote, sababu mimba yenyewe inabadilisha kinga, moyo na mapafu, yani flu ileile ambayo mumewe kaugua siku tatu akarudi kazini, yeye inaweza kumlaza hospitali.

Halafu kuna hili watu hawaliongelei: mtoto chini ya miezi 6 hapewi chanjo ya flu, bado mdogo mno. Anategemea kinga ya mama inayopita kwenye kondo la nyuma kabla hajazaliwa, sasa ukisubiri ujifungue kwanza hiyo ushaikosa.

Ile ya sindano haina virusi hai, haiwezi kukupa flu, mkono kuuma au kahoma ka siku moja mbili ni kawaida tu. Ya kupuliza puani ndo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hiyo mjamzito hapewi, nahisi watu wanachanganya hapo.

Wengine wa kipaumbele ni wazee, wahudumu wa afya, watoto wadogo kuanzia miezi 6, na wenye kisukari, pumu au shida ya moyo. Marekani wao hadi 2025 walikuwa wanashauri karibu kila mtu aliyefika miezi 6, tena kila mwaka, maana virusi vinabadilika na kinga inashuka.