Kwa nini kinyonga mdogo wa Upare hayupo Kilimanjaro?

Ukiwa Moshi siku isiyo na mawingu, tazama kusini-mashariki utaiona milima ya Upare. Huko juu, upande wa Same, kwenye msitu wa Chome, anaishi kinyonga mwenye urefu wa kidole tu. Wataalamu humwita Rhampholeon viridis. Ukiacha Pare Kusini, kwao kwingine kunakojulikana ni Usambara Magharibi, basi. Sasa Kilimanjaro ina msitu mkubwa, mbichi, tena jirani. Mbona hakuhamia?

Tuanze na umri. Kilimanjaro ni volkano, na ilianza kujengeka miaka isiyofika milioni 3 iliyopita. Kijana huyo! Pare, Usambara, Uluguru na Udzungwa ni Milima ya Tao la Mashariki, iliyokuwepo mamilioni ya miaka kabla ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Pepo za Bahari ya Hindi ziliendelea kuiletea unyevu hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikauka. Msitu ukabaki milimani, chini kukawa nyika.

Na huyu bwana mdogo si msafiri. Mchana yumo kwenye majani yaliyoanguka na vichaka vya chini, usiku hupanda kijiti akalala. Kutoka Mwanga, chini ya Pare, hadi Himo, chini ya Kilimanjaro, ni jua, miba na mashamba ya mkonge. Hafiki.

Waliofungiwa hivyo, kila kundi na mlima wake, huachana polepole hadi kuwa aina tofauti. Mwaka 2022 watafiti, akiwemo Mtanzania John Lyakurwa, walitangaza aina 6 mpya za jamii hii kwa mpigo, zote za Tao la Mashariki. Kwa macho wanafanana mno. Vinasaba ndivyo vilivyosaidia kuwatenganisha.

Wa Marangu, huko Kilimanjaro, atauliza: na wale tunaowaona kihambani, kwenye migomba na kahawa? Hao ni wengine. Yule wa pembe mbili, Kinyongia tavetana, yupo Kilimanjaro, Meru na hukohuko Pare, ila yeye ni wa mitini na mwili wake ni mkubwa zaidi.

Ukitaka kumwona mdogo, Chome ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo omba kibali na upate mwongoza wageni. Nenda usiku na tochi, umulike vijiti vya chini: akilala rangi yake hupauka, ndipo anapoonekana. Usimshike. Akiguswa hutetemeka mwili mzima.