Kamati ya Peacock haikutaka BBC itangaze sabuni

"Hao Kamati ya Peacock, si ndiyo wale waliotaka BBC itangaze sabuni?" Aliniuliza mzee mmoja pale mwalo wa Katonga, redio yake ya mkulima ikining'inia kwenye msumari, betri mbili za akiba zimeanikwa juani kando ya dagaa ili zirudishe nguvu. Mzee huyu ameisikiliza BBC tangu ujana wake, na hapa Kigoma si yeye peke yake anayeamini hivyo.

Hapana, mzee wangu. Mwaka 1985 serikali ya Uingereza chini ya Margaret Thatcher iliunda kamati, ikampa mchumi Alan Peacock na wenzake sita kazi ya kuchunguza fedha za BBC zitoke wapi. Kwa kuwa Peacock alikuwa mtu wa soko huria, wengi walitarajia aseme matangazo ya biashara. Ripoti ilipotoka Julai 1986, ilikataa. Kilichowapa watu pa kushikia ni kwamba wajumbe wengi walitaka Redio 1 na Redio 2 za BBC ziuzwe, jambo ambalo serikali haikulifanya. Na sisi tuliokulia kwenye Idhaa ya Biashara ya Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya umma yenye matangazo hatukuiona ajabu.

Dhana nzito zaidi ni kwamba matangazo humpa msikilizaji anachokitaka, tena bure. Hapa ndipo ninapoiheshimu kamati ile. Ilisema mtazamaji na msikilizaji ndio wanaojua kinachowafaa, lakini chombo kinachoishi kwa matangazo hakiwauzii wao vipindi. Kinamuuzia mwenye bidhaa masikio yao. Nimeliona kwa macho yangu. Redio moja niliyofanyia kazi ilikuwa na kipindi cha wavuvi saa kumi na mbili jioni, wakati watu wanajaza mafuta ya karabai na kusikiliza habari za upepo kabla ya kuingia ziwani. Ikaja kampuni ya kubeti, ikainunua saa ile. Kipindi kikasogezwa hadi saa nne usiku. Kwa wahasibu wetu wavuvi walikuwa bado wasikilizaji. Ila saa nne wako katikati ya Tanganyika, nyavu majini.

Wapo pia wanaosema ada ya leseni ya televisheni, ile wanayolipa Waingereza nyumba kwa nyumba kuiendesha BBC, ndiyo iliyolipia Idhaa ya Kiswahili ya BBC miaka yote, kwa hiyo Peacock alishika hatima yetu. Sivyo. Idhaa hiyo ilianza 1957, na BBC ya dunia ililipiwa na fungu la Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Ada ya leseni ilibeba mzigo huo kuanzia 2014.

Na wanaodai kwamba ripoti ya Peacock ilitupwa kapuni? Nao wamekosea. Kama ilivyoshauri, ada ikaanza kupanda sambamba na mfumuko wa bei mwaka 1988, na sheria ya 1990 ikazitaka BBC na ITV, televisheni ya biashara ya Uingereza, kuchukua robo ya vipindi vyao kwa watayarishaji wa nje.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na TBC yetu, mwanangu, analipa nani?"

Ruzuku ya serikali na matangazo, nikamjibu. Leseni ya nyumba kwa nyumba hatuna.

"Basi mimi sijawahi kuulizwa," akasema, akainama kuzigeuza betri upande wa pili.